Koili tatu juu ya kaunta: ipi iingie kwenye injini, ipi ikae kwenye buti

Muuzaji alinipangia koili tatu, vile vifaa vinavyogeuza umeme wa betri kuwa cheche ya plagi, juu ya kioo cha kaunta, katika duka moja la spea pale Kirinyaga Road, barabara ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Ya kwanza ilikuwa mtumba kutoka Japani, imeshika vumbi la mafuta, na mtu alikuwa ameitia alama kwa kalamu nyeupe. Ya pili ilikuwa mpya, ndani ya boksi la Denso. Ya tatu nayo ilikuwa mpya, ndani ya boksi linalong'aa la kampuni ambayo jina lake sijawahi kuliona hata kwenye stika ya matatu. "Zote zinaingia, ndugu," akasema. "Ni mfuko wako tu."

Zinaingia kweli. Soketi ni ya pini nne, bolti ni ile ile ya spana namba 10, na shingo inateremka kwenye tundu la plagi bila kulazimishwa. Gari langu ni Toyota Fielder yenye injini ya 1NZ, na siku hiyo mita ilisoma kilomita 168,000. Ilikuwa imeanza kumisi, yaani silinda inakosa kuwaka, siku tatu kabla, nikipanda kutoka Museum Hill kwenda Westlands. Kwenye tambarare hakuna neno, lakini ukikanyaga mafuta mlimani inatetemeka na haivuti. Fundi wangu wa Ngara alikuwa ameshatoa hukumu kabla hata ya kufungua boneti: "Mkubwa, hizo zimezeeka zote. Weka seti nzima ulale usingizi."

Nilinunua mbili, na wala si seti. Nilichukua ile ya Denso nikaiweka kwenye injini, nikachukua na ya mtumba nikaiweka kwenye buti. Ya boksi linalong'aa nilimrudishia. Nitaeleza kwa nini, kwa sababu mtu anayesimama kwenye kaunta ile huulizwa maswali matatu kana kwamba ni moja: ni wakati wa kubadilisha, abadilishe ngapi, na anunue za aina gani. Majibu yake hayafanani kwa kila gari.

Umri wake ni kilomita ngapi?

Takwimu utakayoisikia kila mahali ni kilomita 160,000. Hiyo ni maili 100,000 za Wamarekani zilizobadilishwa kuwa kilomita, na Wamarekani wengi huzitembeza kwenye barabara kuu. Watengenezaji wengi hawaweki koili kwenye ratiba ya servisi kama wanavyoweka oili, filta na plagi. Wanategemea ikae mpaka iharibike. Zipo zinazofika kilomita 250,000 bila kelele, na zipo zinazokufa kwenye 80,000.

Ila kilomita ya Nairobi si kilomita ya mwenzako. Piga hesabu nami. Katika injini ya kawaida ya viharusi vinne, kila silinda hupokea cheche moja kwa kila mizunguko miwili. Ukiwa Thika Road usiku, spidi 100, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, kila koili inapiga cheche 1,250 kwa dakika, yaani 75,000 kwa saa. Umetembea kilomita 100, kwa hiyo ni cheche 750 kwa kilomita. Sasa njoo Outering Road saa kumi na mbili jioni. Mwendo wako ni kilomita 10 kwa saa, injini inazunguka wastani wa 1,000 tu, lakini saa nzima imepita. Hizo ni cheche 30,000 kwa kilomita 10, au 3,000 kwa kila kilomita. Mara nne. Kwa hesabu ya cheche peke yake, kilomita 40,000 za foleni ni sawa na 160,000 za barabara kuu.

Koili haichoshwi na cheche tu, kwa hiyo usiitumie hesabu hiyo kama mzani wa dhahabu. Lakini inaonyesha kwa nini gari la teksi linaloshinda mjini na gari la mtu wa Kitengela anayerudi usiku wa manane barabara ikiwa tupu hayawezi kupewa ushauri mmoja. Kwenye foleni kuna joto pia. Koili imesimama juu ya kichwa cha injini, upepo haupiti, na feni inarudisha hewa ile ile ya moto. Wenye Aqua na Prius wana nafuu hapa, maana injini yao hulala wakati gari limesimama.

Kuna jambo jingine kwa sisi tunaonunua magari yaliyotumika. Sheria ya miaka minane, inayokataza kuingiza nchini gari lililozidi umri huo, inamaanisha kwamba gari linaloshuka Mombasa limeshatumika vya kutosha. Likija na kilomita 90,000 halafu ukalitembeza miaka mitano mjini, koili za kiwandani ziko kwenye umri wa kustaafu hata kama kwako gari bado ni "jipya". Na hapo tumekubali kwamba mita haikurudishwa nyuma mahali fulani njiani.

Kinachoiua

Ndani ya koili kuna nyaya mbili za shaba zilizozungushwa, moja nene yenye mizunguko michache, nyingine nyembamba kuliko unywele yenye maelfu kwa maelfu. Umeme wa betri, volti 12, ukikatwa ghafla kwenye waya mnene, waya mwembamba hutoa volti elfu ishirini, thelathini, na nyingine hata zaidi. Kinachozuia umeme huo kutoroka ni gundi ngumu iliyomiminwa ndani na mpira wa shingoni. Gundi ikipata ufa kwa kupashwa na kupoa kila siku, au mpira ukikauka, umeme unapata njia ya mkato kwenda kwenye bodi ya injini, na silinda inabaki na petroli bila moto.

Koili yenyewe hutoa volti kulingana na kazi iliyopewa. Plagi ikilika, nafasi ya mdomoni inapanuka, na cheche inahitaji volti nyingi zaidi kuiruka. Namba za plagi nyingi za Denso na NGK zinaishia na 11, maana yake nafasi ni milimita 1.1. Plagi ya nikeli iliyoachwa kilomita 60,000 inaweza kuwa imepita hapo kwa mbali, na koili inalipa deni hilo kila sekunde. Kwa hiyo mtu anayebadilisha koili na kurudisha plagi kuukuu anamtwisha punda mpya mzigo uliomuua wa kwanza. Plagi za nikeli zitoe kwenye kilomita 30,000 hadi 40,000. Za iridiamu zinaweza kufika 100,000, kama kweli ni iridiamu, na hapa mjini hilo "kama" ni zito.

Kisha oili. Juu ya 1NZ na injini nyingi za namna hiyo, plagi zimezama kwenye mashimo yanayopita katikati ya tapeti kava, kile kifuniko cha juu cha injini, na kila shimo lina sili ya mpira. Sili zikikauka, oili inateremka na kuujaza mtaro. Ukichomoa koili ikatoka na shingo inayochuruzika oili, umeshajua adui yako ni nani. Mpira unalainika, unavimba, kisha unavujisha umeme. Koili mpya ndani ya shimo hilo ni pesa iliyotupwa.

Na maji. Sijui ni nani aliyetufundisha kwamba injini lazima ing'ae. Unaacha gari kwenye kuoshea magari, kijana anafungua boneti, anaelekeza mpira wa presha, na kesho yake asubuhi gari linamisi. Maji yamekaa kwenye matundu ya plagi. Mara nyingi hiyo si koili iliyokufa. Ichomoe, puliza hewa kwenye shimo, kausha mpira, rudisha. Nimeona mtu akiuziwa koili nne kwa sababu ya kikombe kimoja cha maji.

Mwinuko wetu wa zaidi ya mita 1,600, kwa upande mwingine, unatusaidia kidogo. Hewa nyepesi inapunguza mgandamizo ndani ya silinda, na cheche inahitaji volti pungufu kuliko Mombasa kwenye gari lile lile lisilo na turbo. Ndiyo maana pia koili dhaifu hujificha kwenye tambarare na kujitokeza mlimani. Ukikanyaga mafuta, silinda inajaa, mgandamizo unapanda, volti inayotakiwa inapanda nao, na koili inashindwa.

Kupima au kukisia

Kabla ya kulinganisha za kununua, linganisha njia mbili za kujua ipi imekufa. Ya kwanza ni kukisia na kununua. Ya pili ni robo saa na spana namba 10.

Kifaa kidogo cha kusoma kompyuta ya gari kitakupa kodi, yaani namba ya hitilafu. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu. P0301 hadi P0304 zinataja silinda ya kwanza hadi ya nne. P0351 hadi P0354 zinataja mzunguko wa umeme wa koili yenyewe. Tuseme umepata P0302. Usikimbilie duka. Chukua koili ya silinda ya pili uipeleke ya nne, na ya nne uilete ya pili. Futa kodi, endesha mpaka imisi tena, soma. Ikiwa sasa ni P0304, koili ina hatia kwa sababu tatizo limehama nayo. Ikibaki P0302, koili haina kosa; angalia plagi, soketi na waya wake, nozeli, na mwisho mgandamizo wa silinda.

Bila kifaa, mafundi wengi huacha injini ikinguruma na kuchomoa soketi za koili moja moja. Soketi ambayo ukiichomoa injini haibadiliki ndiyo ya silinda iliyokuwa imelala. Njia hii inafanya kazi, ila ifanye kwa sekunde chache tu kila mara, na usinyanyue koili kutoka kwenye plagi wakati injini inawaka. Volti elfu thelathini hazikujui. Uwe mpole pia na klipu za soketi, kwa sababu plastiki iliyopikwa miaka kumi inavunjika kama biskuti, na soketi iliyolegea inaleta dalili zile zile za koili mbovu.

Pale Ngara tulifanya jaribio hilo kwa sababu mimi ni mbishi. Fundi alikuwa amesema zote nne. Iliyokuwa imekufa ilikuwa moja.

Kusubiri au kuwahi

Kuna watu wanaobadilisha koili wakifika kilomita fulani hata kama hazina tatizo, na kuna wanaosubiri taa iwake. Kwa gari lenye koili juu ya kila plagi, mimi ni wa kusubiri. Koili moja ikifa unabaki na silinda tatu. Gari linatetemeka, linakula mafuta, lakini linaweza kukuvusha mpaka pembeni mwa barabara.

Kusubiri si kupuuza, lakini. Taa ya injini ikiwaka bila kupepesa, kapime siku hiyo au kesho yake. Ikipepesa, punguza mwendo na utafute pa kusimama, maana petroli isiyoungua inaingia kwenye ekzosti na kuwaka ndani ya katalitiki konvata, kile kisafisha moshi cha kwenye ekzosti. Humo kuna platinamu na paladiamu, na bei ya kuibadilisha inazifanya koili zote nne zionekane kama chenji ya nauli. Nimekutana na madereva walioendesha wiki mbili na silinda tatu "mpaka mwisho wa mwezi". Waliokoa bei ya koili moja, wakapoteza konvata.

Gari la kuwahi ni lile la koili moja kwa injini nzima. Corolla 110 na ndugu zake wa distributa, kile kifaa kinachogawa umeme wa koili kwa kila plagi, wako hivyo. Koili moja inalisha plagi zote nne, kwa hiyo inapiga cheche mara nne zaidi ya koili ya Fielder, na ikifa gari linazima pale pale, hata kama ni katikati ya mzunguko wa Nyayo. Subaru Impreza za zamani za 1.5 ziko katikati: kifurushi kimoja cha koili hupiga plagi mbili kwa pamoja, upande mmoja ukifa unapoteza silinda mbili. Kwa magari hayo ningebadilisha mapema pamoja na nyaya za plagi, au walau nisafiri na koili ya akiba. Vivyo hivyo kwa anayeishi kwa gari, dereva wa teksi au wa kubeba mizigo, ambaye siku moja gereji ni siku moja bila chakula.

Moja au zote

Hoja ya fundi wangu haikuwa ya kipuuzi. Koili nne zimezaliwa siku moja, zimekaa kwenye joto moja, na moja ikifa nyingine haziko mbali. Wakati mwingine ni kweli kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Volkswagen ililazimika kubadilisha koili za mamia ya maelfu ya magari kwa sababu toleo zima lilikuwa na udhaifu, na mwenye gari la aina hiyo akibadilisha moja moja alirudi gereji kila baada ya muda mfupi. Ukiona mbili zimekufa ndani ya miezi michache, usibishane tena, weka seti.

Lakini "haziko mbali" inaweza kuwa miaka mitatu. Kinachoamua kwangu ni kazi ya kuifikia koili kuliko umri wake. Kwenye 1NZ, unatoa kifuniko cha plastiki na koili zote nne ziko mbele yako. Kubadilisha moja ni dakika kumi. Hakuna sababu ya kulipia nne leo kwa kuogopa dakika kumi za kesho. Demio haitofautiani sana na hapo.

Sasa chukua Harrier ya V6. Koili tatu za mbele unazigusa kwa mkono, tatu za nyuma ziko chini ya manifoldi, yaani mabomba ya kuingizia hewa, ambayo inabidi ifunguliwe, pamoja na gasketi zake. Moja ya nyuma ikifa, badilisha zote tatu za nyuma na plagi zake kwa mpigo mmoja, kwa sababu unalipia ufundi kuliko kitu chenyewe. Subaru nayo, kwa kuwa silinda zimelala ubavuni, inamlazimu fundi kutoa betri au boksi la filta ili apate nafasi. Ukifungua upande, maliza upande.

Honda Fit ya kizazi cha kwanza yenye injini ya i-DSI ndiyo huwaacha watu midomo wazi. Kila silinda ina plagi mbili, na kila plagi ina koili yake. Koili nane kwenye injini ya 1.3! Za nyuma ni ngumu kufikia, kwa hiyo mafundi wengi hubadilisha plagi nne za mbele na kukuambia kazi imekwisha. Kama umenunua Fit na hujui historia yake, fungua za nyuma ujionee mwenyewe. Huenda plagi zake bado ni zile zilizotoka Japani. Seti ya koili nane ni mzigo, na kwa gari hili kupima moja moja ni lazima.

Magari yenye turbo yanalazimisha koili kufanya kazi kubwa zaidi kwa sababu ya mgandamizo. Hapo naelemea upande wa seti mpya, na mtumba naukataa kabisa.

Mtumba, ya kampuni, au ya boksi linalong'aa

Turudi kaunta. Sitataja bei, maana wiki ijayo dola itakuwa imeruka na duka la jirani lina bei yake. Uwiano niliopewa siku hiyo ulikuwa hivi: mtumba ukiwa shilingi moja, boksi linalong'aa lilikuwa kidogo chini yake, na Denso ilikuwa kama tatu.

Watu wengi hapa huamini mtumba wa Japani kuliko kitu kipya, na imani hiyo haikutoka hewani. Koili ya mtumba ilitengenezwa na kampuni ile ile iliyotengeneza ya gari lako. Shaba ni ile ile, gundi ni ile ile. Kasoro yake ni moja tu, hujui imetoka gari la kilomita ngapi. Huenda ni 40,000, huenda ni 180,000, na injini iliyokatwa Osaka haiji na cheti cha kuzaliwa. Unanunua umri usiojulikana kwa theluthi ya bei. Ikidumu theluthi ya maisha ya mpya, mmelingana. Ikipungua hapo, umelipa zaidi, na bado hujahesabu fundi na siku uliyopoteza.

Ukiamua kuinunua, igeuze. Angalia mwili wa plastiki, hasa pale unapokutana na shingo: ufa mwembamba kama unywele, ikatae. Mistari midogo ya kijivu au nyeupe kwenye mpira ni njia ambayo umeme umeshaipitia, nayo ikatae. Chungulia ndani ya mdomo uone springi. Ikiwa na kutu, huenda koili iliwahi kunywa maji. Bonyeza mpira. Unapaswa kurudi kama sikio la mtu, usiwe mgumu kama soli. Kisha omba kuijaribu kwenye gari lako pale pale nje, kwa sababu sheria ya maduka mengi ya spea unaijua: vitu vya umeme havirudishwi. Muuzaji anayekataa kukungoja dakika kumi uifunge amekujibu swali lako.

Ya kampuni, iwe Denso kwa Toyota nyingi au Hitachi kwa Nissan nyingi, ndiyo pekee ambayo umri wake unaanzia sifuri. Tatizo lake ni kwamba boksi linachapishika. Usiamini boksi, amini kitu chenyewe. Namba ya koili ya Toyota huanza na 90919, halafu tarakimu tano. Ilinganishe na iliyo kwenye koili kuukuu uliyochomoa. Nenda dukani nayo mfukoni, usiende na maneno "ya Fielder" tu. Maandishi kwenye plastiki yawe safi na yaliyonyooka. Na bei ikikaribia ya mtumba, jua kwamba hukubahatika.

Ile ya tatu niliipima mkononi ikawa nyepesi kuliko zenzake mbili, na mpira wake ulinuka kama kandambili mpya. Hilo si jaribio la maabara. Lakini kwenye koili, uzito ni shaba, na mtengenezaji anayetaka kushusha bei hana pengine pa kupunguza isipokuwa kwenye shaba na gundi. Wapo watengenezaji wa pembeni wanaoheshimika, na mtu wa gari la Ulaya anaweza kuchukua Bosch au Beru bila wasiwasi. Ninachokikataa ni kampuni isiyo na jina inayoniuzia kitu kipya kwa bei ya chini kuliko kilichotumika. Seti ya koili nne za namna hiyo ndiyo aliyokuwa akinishauri fundi, kwa sababu ilitoshea bajeti niliyomtajia. Koili nne zisizojulikana mahali pa koili tatu nzima na moja mbovu? Hapana.

Kuna chaguo la nne ambalo halikuwa kwenye kaunta. Kwenye magari mengi, mpira wa shingo na springi yake huuzwa peke yake. Ikiwa koili inavujisha umeme kupitia mpira uliozeeka, na mwili wake hauna ufa, mpira mpya wenye grisi kidogo ya silikoni ndani ya mdomo unaweza kuirudisha kazini kwa pesa ya chai na mandazi. Uliza kabla ya kununua koili nzima. Muuzaji hatakutajia mwenyewe.

Nilichofunga

Kwa hiyo kwenye Fielder iliingia Denso moja, plagi nne mpya, na sili za matundu ya plagi pamoja na gasketi ya tapeti kava, kwa kuwa tundu la silinda ya pili lilikuwa na oili ya kuweza kukaangia yai. Gharama yote haikufika bei ya Denso nne. Koili tatu kuukuu zilirudi mahali pake. Fundi alitikisa kichwa. "Utarudi hapa, mkubwa."

Ile ya mtumba niliifunga kwenye injini kwanza, nikazunguka nayo siku mbili kuhakikisha inafanya kazi, ndipo nikaitoa, nikaweka ya Denso, na ya mtumba nikaiviringisha kwenye kitambaa pamoja na spana namba 10 chini ya tairi la akiba. Mtumba hauaminiki kwa miaka, lakini kwa kukufikisha nyumbani unatosha kabisa.

Fundi alikuwa na haki kwa sehemu. Kwenye kilomita 181,000, nikitoka Naivasha na mizigo ya mahindi mabichi, gari lilianza kumisi kwenye mpando wa kutoka Mai Mahiu, na taa ikapepesa. Niliegesha palipokuwa na nafasi, mbele kidogo ya wauza ngozi za kondoo, nikangoja injini ipoe. Nikachomoa soketi moja moja. Ya nne haikubadilisha kitu. Mke wangu alishika tochi ya simu, nami nikafungua bolti moja, nikatoa, nikaweka ile ya kwenye kitambaa. Dakika kumi na tano, nusu yake nikitafuta bolti iliyoangukia kwenye kinga ya injini. Tulifika Limuru gari likivuta vizuri, na Jumatatu nikaenda Kirinyaga Road kununua Denso ya pili.